Mpira wa Tatu wa Heini wa Eystnes

Sogeeni karibu, jamani, nyie wa mlangoni ingieni mfunge mlango, upepo huu umeshatuchukulia vya kutosha, na wenye kikohozi wamalize kukohoa sasa, maana sauti yangu ni ndogo, na mimi sikusoma sana, nimeyaandika kama ninavyoyasema.

Marehemu mdogo wangu, Heini Dalsgarð, alizaliwa tarehe 11 Novemba 1946 katika nyumba yetu ya paa la nyasi, hapo juu ya kanisa, mtoto wa tano na wa mwisho, mama akasema, "Huyu analia kama shakwe, bahari itamtaka." Alisoma hapa kijijini hadi mwaka 1960, akavua chewa Greenland miaka kumi na miwili, akarudi mwaka 1973 wakati vijana wakilipua mwamba kwa baruti tupate uwanja wa mpira, kwa kuwa mahali pengine palipo sawa hatukuwa napo, akawa mtunzaji wake tangu siku ya kwanza, na siku za mechi alikaa ndani ya mashua nyuma ya goli la kaskazini, akiokota mipira iliyoangukia baharini. Tarehe 8 Juni 1974 alimwoa Rakul, wakajaliwa Durita, halafu Páll.

Sasa nisikilizeni vizuri. Tarehe 8 Oktoba 1994 tulikuwa tumeshapata barua ya ligi kwamba mechi moja zaidi ikivunjika kwa upepo au kwa kukosa mpira, uwanja wetu unafungwa, na siku hiyo tulikuwa na mipira mitatu, miwili ikaenda na mawimbi kabla ya mapumziko, na dakika ya themanini na nane wa tatu nao ukaruka ukuta wa baharini. Mwamuzi akatazama saa, akasema, "Nawapa dakika tano, zikipita naandika imevunjika." Heini akaanza kupiga makasia, Rakul akamfokea kutoka ukutani, "Wee Heini, rudi! Huo mpira ndio utanilelea watoto?" naye akajibu bila kugeuka, "Weka kahawa jikoni, mama Durita, nakuja," wimbi likanyanyuka kati yetu naye, na liliposhuka hatukuiona mashua.

Dakika ya nne mpira ukaja juu ya ukuta, peke yake, bila mtu.

Mwamuzi akapuliza filimbi, hakuna aliyesogea, na Páll, aliyekuwa mchezaji wetu mdogo kuliko wote, akaukalia ule mpira, akasema, "Baba hajatoka majini, hachezi mtu hapa." Mwamuzi akamwambia, "Kijana, usipoinuka naandika, na uwanja wenu umekwisha," akajibu, "Andika." Nilikuwa nimemshika Rakul koti asiruke ukuta. Kalamu ya mwamuzi imeshatoka mfukoni, ndipo mkono ukatokea ukutani, kisha kichwa cha Heini, mashua vipande vipande nyuma yake, akatema maji, akasema, "Mbona mmekaa kama mko msibani? Chezeni!"

Wakacheza, na dakika ya mwisho wageni wakapata penalti, na upepo wetu mnaujua, mpira hautulii mpaka mtu alale kifudifudi aushike kwa kidole, wageni wakasukumana, lala wewe, lala wewe, nani ajilaze kwenye dimbwi lile, hadi Heini akasema, "Mimi nimeshalowa," akalala, akawashikia wapinzani wetu mpira, na mpigaji akapiga mpira na kidole kwa pamoja. Goli, na filimbi ya mwisho. Tulifungwa tano bila, na sijaona tena kijiji kikishangilia namna ile.

Mwaka 2022 mapafu yalianza kumsumbua, akalazwa hospitali kule Tórshavn, akafariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, alfajiri, Páll amemshika mkono. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta nyama ya kondoo na viazi, na ninyi wa klabu mliozunguka uwanja na jeneza kabla ya kuja hapa.

Funguo za uwanja ni za Durita, mashua mpya ni ya Páll, mpira wa tatu, uliokaa dirishani miaka yote hii, ni wa mjukuu wake Sunnvá, na sweta niliyomfumia imerudi kwangu. Kile kidole kilichopinda hakumwachia mtu, amekwenda nacho. Lala salama, mdogo wangu, mechi iliisha, na uwanja upo.