Kamera Arobaini na Moja za Kunduchi

Risala ya Kikundi cha Tupendane, wauza samaki wa Kunduchi Pwani, kwa Mhandisi Atuganile, kiongozi wa timu ya kutathmini athari za shambulio la mtandao. Imesomwa na Katibu, Mwanaheri Bakari.

Mgeni rasmi, Mhandisi Atuganile. Wataalamu mlioongozana naye. Mwenyekiti wetu, Bi Wahiba. Wanakikundi wenzangu: amani iwe juu yenu, na poleni kwa jua.

UKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu Kunduchi. Tumefurahi kukuona, ingawa tumechelewa kukuona. Tunasikia Msasani mlikaa siku mbili, kwenye migahawa yenye viyoyozi. Kawe mlikaa siku nzima na mkapikiwa pilau. Sisi tumeambiwa tuna dakika arobaini. Hatulalamiki, mgeni ni mgeni hata akija wa mwisho. Lakini wivu tunao, na tumekubaliana tuuseme mapema ili usiufikirie kuwa kitu kingine.

TULIKOTOKA

Kikundi hiki kilianza mwaka 2016 na wanawake kumi na wawili, tukaongezeka mpaka arobaini na mmoja, kila mmoja na meza yake. Zamani samaki wetu walinadiwa hapa hapa mchangani kwa sauti ya Mzee Abdulhadi, dalali. Miaka mitatu iliyopita ukaja mnada wa simu, kituo chake cha kupokelea samaki kikiwa hapa kwetu. Mpishi wa hoteli anamwona samaki changu kwenye kioo cha simu, anataja bei, anatuma bodaboda. Mzee Abdulhadi tukampa kanzu na asante, akapumzike.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu makubwa ni kamera za ulinzi. Ukweli usemwe, hatukuwa na shida ya kamera. Wenzetu wa Kawe walinunua nane, wakaonyeshwa kwenye televisheni. Bi Wahiba akasema, "Kawe nane? Sie kila meza na yake!" Tukafunga arobaini na moja.

Mgeni rasmi, raha tuliyoipata haielezeki. Ukiwa nyumbani unapika, unafungua simu unaona meza ya mwenzako: nani kapata jodari, nani anaongea na mteja wa nani. Fundi wetu, Venance, alituonya tubadilishe namba ya siri ambayo kamera zilitoka nayo kiwandani. Hatukubadilisha. Kwetu sisi Tupendane, namba ya siri ikiwa siri kweli ndipo ugomvi unapoanza. Tuliiacha vile vile, moja mpaka sita, tena tukaiandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa tangi la maji, asije mtu akasema kanyimwa.

Aliyebadilisha ya kwake ni mmoja tu, Bi Najat. Tukaitisha kikao. Muhtasari upo, tunauonea aibu lakini upo. Mwenyekiti alisema, "Anayeficha namba anaficha mteja." Bi Najat akajibu, "Sie tunachungana wenyewe kwa wenyewe, mlango tumewaachia wa nje." Tukapiga kelele mpaka akanyamaza. Tukamtaka aombe radhi na airudishe namba ya zamani. Alifanya yote mawili. Wiki iliyofuata alichukua kisu chake na ndoo zake, akahamia Kawe.

SHAMBULIO NA HASARA

Wiki ya kuelekea Idi, Alhamisi asubuhi, mnada ukagoma. Kila simu iliyoufungua ilizungusha duara tu. Venance alitueleza hivi: kuna mtu aliyeteka maelfu ya mitambo ya watu, wenyewe hawajui, akaiamuru ibishe hodi mlango mmoja kwa wakati mmoja. Hakuna hata mmoja anayenunua, ila mteja wa kweli hapiti. Hali hiyo iliendelea mpaka Jumapili alfajiri.

Siku hizo tatu tulikuwa na kilo mia sita na ishirini mezani. Mzee Abdulhadi tulimwomba arudi. Sauti bado anayo, lakini wanunuzi wa hoteli hawakuwepo wa kuisikia. Barafu ikayeyuka. Tulikaanga tulichoweza, tukakausha, na kilo tisini tukazifukia. Mpishi aliyekuwa akinunua kwangu kila Ijumaa hajarudi mpaka leo.

Ninyi katika tathmini mmepima saa ambazo mnada ulizimika: sabini na moja. Sisi tulipima harufu.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, ripoti yenu ya awali tumesomewa. Kawe wamepewa ukurasa na nusu, na picha ya mwenyekiti wao, Bwana Usama, anacheka meno yote nje. Mmewasifu kwamba kamera zao zilikuwa na namba za siri, kila moja ya kwake, na kwamba mnada ulipozimika walikuwa na daftari la simu za wateja, wakawapigia mmoja mmoja. Sisi tumepewa mstari mmoja, unaosema kamera arobaini na moja za Kunduchi zilikuwa miongoni mwa mitambo iliyoshambulia.

Mstari huo ni wa kweli. Tulikuwa tunalia mnada umeuawa, na fimbo zilikuwa zetu. Lakini ni kutokana na mstari huo mnapendekeza kituo cha mnada kihamie Kawe, ili sisi tupande na ndoo zetu kwenda kusubiri zamu nyuma yao. Hilo linatuuma kuliko zile kilo tisini.

Na kinachochoma zaidi ni lile daftari. Tunalijua. Lina jalada la bluu, na lilianza kuandikwa hapa hapa, kwenye meza ya Bi Najat. Zile namba za siri pia ni yeye aliyewafundisha.

MAOMBI

Tunaomba hasara ihesabiwe kwa kilo pia, siyo kwa saa peke yake.

Tunaomba tuandikwe waathirika pia, maana tumeshambuliwa na tumetumika. Ukuta wa tangi tumeupaka chokaa na kila mmoja sasa ana namba yake. Hatujui tena nani kapata nini, na wengine wetu tunaumwa kwa hilo, lakini tumevumilia.

Tunaomba kituo cha mnada kibaki Kunduchi.

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na ombi kwamba sifa za Kawe zichunguzwe upya. Tumelifuta jana, baada ya mabishano marefu, tukaweka hili badala yake. Kesho unarudi Kawe. Tunaomba umwambie Bi Najat kwamba kikao kile tulikosea. Meza yake tunaiosha kila asubuhi na hatujampa mtu. Akikuuliza ni nani aliyesema, usimtaje Mwenyekiti wala Katibu. Mwambie ni sisi sote, na waliopiga kelele zaidi ndio waliotangulia kunyoosha mikono.

Mwenyezi Mungu akufikishe salama na aiongoze kalamu yako.

Ni sisi,
Kikundi cha Tupendane,
Kunduchi Pwani.