Farasi wa Mzee

Muuguzi aliyetoka zamu alikuwa amefumba macho tu. Masikio yake yalikuwa kazini. Mbele yake kwenye treni, msusi mmoja alicheza sataranji kwenye simu, raundi ya mwisho ya mashindano ya mtandaoni ya wachezaji wa ridhaa. Mzee aliyekaa ubavuni mwa msusi, wasiyejuana kabisa, alichungulia mpaka uzalendo ukamshinda.

"Binti, peleka farasi pale. Malkia wake hana pa kukimbilia."

Msusi alishusha simu mapajani. "Mzee wangu, umeniharibia. Nilikuwa nampeleka huyo huyo."

"Sasa si umpeleke?"

"Siwezi. Kusaidiwa ni marufuku. Ukishamtaja, farasi si wangu tena, ni wako."

"Nani atajua? Mpinzani wako yuko huko aliko."

"Mimi niko hapa."

Mzee alicheka kwa pua. "Haya, shindwa na uaminifu wako."

"Nani ashindwe? Huyu nitamfunga kwa njia nyingine." Akasogeza kitunda kimoja, kete ndogo kuliko zote, taratibu, kama anayeanza mstari wa kwanza kichwani mwa mteja. Muuguzi, asiyejua sataranji hata chembe, alijikuta amekodoa macho.

Treni ikapunguza mwendo. Msusi akasimama, macho kwenye simu. "Na nikishinda, mzee wangu, usije ukasema ulinifundisha."

"Farasi alikuwa anatosha," mzee aliuambia mgongo wake.

Treni iliposimama, msusi akashuka. Mzee akaanza kuangaza behewani, na muuguzi akafumba macho upesi, maana alijua anatafutwa mwingine wa kusaidiwa.