Fundi Upepo na Mazungumzo ya Vidole

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu aliyepima upepo maisha yake yote. Kiwandani walimwita Fundi Upepo. Hata mkewe alimwita hivyo, hasa akiwa amemkasirikia.

Alifanya kazi kiwanda cha saruji. Hewa hutoka kwenye tanuri ikiwa ya moto, imejaa vumbi, na kupita kwenye bomba ambalo mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Fundi alichomeka mrija bombani, na mwenzake, chini kidogo, akasoma kipimo. Vumbi likiziba mrija, kipimo kinadanganya, ni lazima upulizwe kwanza. Na feni zilivyokuwa zikinguruma, nani angemsikia nani? Basi wakazungumza kwa vidole. Ngumi: mrija umeziba. Kidole juu: puliza tena. Narudia, kwa vidole.

Na mwenzake huyo, wasikilizaji, alikuwa mwanamke.

Siku mkewe alipowakuta getini wakichekeshana bila kufungua mdomo, roho ilimuuma. Wivu ukahamia nyumbani. Fundi akijisahau, akaomba chai kwa vidole, chai haiji.

"Mimi nina masikio," mkewe alimwambia.

Fundi alitaka kumfundisha zile ishara, mke akakataa katakata. Hakutaka makombo ya mazungumzo ya mtu mwingine.

Kisha koo la Fundi likaugua. Sauti ikapotea, mikono ikatetemeka hata kalamu haishikiki. Vikabaki vidole tu, na mke akawa anabahatisha. Maji? Blanketi? Fundi alitikisa kichwa mpaka akachoka. Ikabidi mama wa watu ameze kiburi, ampigie simu mwanamke yule yule.

Akaja. Akatazama vidole, akasema mgonjwa anataka mto uinuliwe. Ukainuliwa. Kisha Fundi akamgeukia mkewe, akafungua kiganja.

"Hiyo si yangu, dada," mwenzake akasema. "Anakuambia wewe. Kule bombani maana yake ni usibanduke hapo ulipo."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Mke hakubanduka. Fundi alifariki kesho yake.

"Neno la mwisho la mume wangu nimelipokea mdomoni mwa mwanamke mwingine," mjane ametuambia. "Namshukuru. Na wivu bado ninao."

Wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni mangapi ya watu wetu tumesusa kujifunza, kwa sababu tu mwingine aliyajua kwanza?

Tunawapa pole mjane, watoto, na wenzake wote kiwandani. Mjane ametuomba tumpe pole na yule msoma kipimo. Ameomba awe wa mwisho, tena kwa kifupi.

Pole, dada.