Usingizi wa Kaka Yetu Kuniharu

Marehemu Kuniharu Tokonami alizaliwa tarehe 9 Februari 1961 mjini Himi, mkoa wa Toyama, mtoto wa kwanza wa Mzee Eikichi, muuza mchele, na mama yetu Tsuyako. Mimi ni Sawako, mdogo wake.

Alisoma Himi, kisha chuo cha ufundi Kanazawa, ambako usingizi ulianza kumvamia mchana kweupe. Akicheka sana, magoti yalimlegea akaanguka chini. Tulidhani ni vituko vyake.

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni moja ya Toyama kuchora madaraja. Alisinzia vikaoni, na kwetu anayesinzia kikaoni ni mchapakazi. Mkuu wake, Bwana Habiro, alimsifu: "Mwacheni huyo, kazi imemchosha!" Akampandisha cheo. Mwaka 1988 ndiye aliyekuwa mshenga kaka alipomwoa wifi yangu Chizuru, wakajaliwa binti, Orie.

Mwaka 2001 daktari alimpima maji ya uti wa mgongo. Akatueleza kwamba neva za ubongo hupashana habari kwa peptidi, vipande vidogo vya protini, na kimoja, oreksini, ndicho kinachotuweka macho. Kwa kaka, seli za kukitengeneza zilikuwa zimekufa, ndiyo maana alisinzia na kuanguka akicheka. Kaka alifurahi mno: "Kumbe si uvivu, wala sina kichaa!" Mtu wa kwanza kumwambia alikuwa Habiro, akamwomba iwe siri yao mpaka dawa alizopewa zimkubali.

Jamani! Wiki hiyohiyo Habiro aliwaambia wakurugenzi. Usingizi uleule uliompa cheo ukampeleka kwenye chumba kisicho na dirisha, bila kalamu, bila kazi, ili achoke aache mwenyewe. Dawa zilimkubali vizuri, lakini meza ya michoro hakurudishiwa. Alivumilia humo hadi kustaafu. "Mshenga wangu, Sawako! Mshenga wangu mwenyewe!" Ndivyo alivyoniambia. Mimi inaniuma mpaka leo.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Machi 2023. Hospitalini nilijizuia kumchekesha. Akanibana: "Unaficha nini, mdogo wangu? Sema! Nimeshalala, nitaanguka wapi?" Nikamsimulia paka wa jirani alivyokula samaki wa sherehe ya meya. Shingo ikamlegea, machozi ya kicheko yakamtiririka. Alifariki tarehe 3 Novemba.

Ameacha mjane Chizuru, binti yake Orie, mjukuu Mahiro, nami. Bwana Habiro, aliyeketi safu ya pili, ameniomba nimtaje hapa kama rafiki wa marehemu. Kaka hakumwita hivyo tena hadi anafumba macho, na mimi simwiti.

Pumzika kwa amani, kaka.