Sauti Yangu Mlangoni

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu. Niwieni radhi, nitazungumza nimekaa. Nikisimama nitalia, na mimi nikianza kulia sina breki.

Mama yangu ana maradhi ya kusahau. Tunakaa wawili tu, Jang'ombe. Mimi nnasomesha skuli, yeye hushinda peke yake. Akaanza kutoka. Kila asubuhi anataka kwenda kwao Mji Mkongwe, nyumba aliyohama mimi sijazaliwa.

Nikaweka kifaa mlangoni. Mlango ukifunguliwa simu yangu inalia, na kisanduku cha ukutani kinasema kwa sauti yangu niliyoirikodi: "Mama, usitoke. Nnakuja."

Ndugu zangu, nawaambia, niliringa! Bibi jirani aliponambia, "Mwanangu, mtafutie mtu wa kukaa naye," nikamjibu, "Bibi, kifaa hakichoki."

Siku moja simu ikalia nipo darasani. Nikaizima. Nikasema, sauti itamzuia.

Niliporudi nilikuta mlango wazi, mezani vikombe viwili vya chai, mama hayupo. Nikatoka mbio kumtafuta. Bibi jirani ndiye aliyemkuta njia kuu, miguu mitupu, gari zinampigia honi. Alipomuuliza anakwenda wapi, mama akasema, "Mwanangu kasema anakuja. Nnakwenda kumpokea."

Mnaona? Alinisikia vizuri sana. Mimi ndiye ambaye sikuja.

Siku ile niliona haya, nikamwendea bibi na kumwomba msaada. Sauti nikaifuta. Kengele nimeiacha, lakini sasa inalia na kwenye simu yake, naye huja akakaa na mama mpaka nirudi. Hata sasa hivi yuko naye. Mungu amlipe, mimi siwezi.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Mama hatapona, daktari kashanambia. Mwenye kifaa asikitupe, ila kimwite mtu, kisijifanye mtu. Na ukiambiwa tafuta msaada, usijibu kwa kiburi kama mimi.

Tangu niifute ile sauti, mama hukipapasa kisanduku akauliza mbona mwanawe hasemi. Asubuhi hii nikamwambia, "Mama, mimi hapa." Akanitazama kwa adabu, kama mgeni, akanisogezea kiti.

"Karibu, bibi. Kaa kidogo, mwanangu anakuja."

Nikakaa. Tukamngoja pamoja.