Aliyeuza Akae Mbele: Historia ya Moïse Byamungu, Mpima Vipuri wa Buyenzi

Ndugu, majirani, madereva, nanyi wa kanisa, kabla sijaanza niseme kwamba kazi hii sikuiomba, nimetwishwa tu, kwa sababu mchungaji alisema historia ya marehemu isomwe na mtu wa familia anayejua tarehe zote, na kila mwanaume wa familia hii akainama kutazama viatu vyake, mpaka karatasi ikaishia mkononi kwangu mimi Dorothée, mama wa marehemu, niliyeachia shule darasa la tatu, kwa hiyo nikikwama kwenye neno msinisaidie kwa kucheka, na anayetaka historia tamu zaidi alikuwa na siku nzima ya jana ya kuiandika. Nitasoma mpaka mwisho, na mwishoni nitasema jambo ambalo madereva wamelifuata hapa, yaani nani atakaa kwenye kiti cha mbele konvoi ikipanda mlima Jumatatu, maana najua hofu mliyo nayo, hata mimi ninayo, tangu Moïse afe hakuna aliyelala vizuri kati ya watu wanaotumia barabara ile.

Marehemu Moïse Byamungu alizaliwa Uvira tarehe 9 Machi 1957, mtoto wangu wa kwanza, na nitasema ukweli mbele ya jeneza lake kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda kitu cha bandia: mtoto huyu alizaliwa mwoga. Aliogopa mbuzi, aliogopa radi, aliogopa kisima, akilala alishika pindo la kitenge changu, na baba yake, aliyetangulia mwaka wa 1981, alikuwa akiniuliza, "Mama Moïse, uyu mutoto tulimuzaa ao tulimukopa kwa sungura?"

Alianza masomo kwenye shule ya misheni huko Uvira, Septemba 1963, akasoma mwaka mmoja tu, kisha mwaka wa 1964 vita vya kule vikatutoa, tukavuka Ruzizi pamoja na watu wengi, na tulipofika upande wa huku Burundi watu wakaketi wapumzike, lakini Moïse akakataa kuketi, akalia kwamba anasikia kitu nyuma, sisi hatukusikia kitu, tukaendelea kutembea ili anyamaze tu, na baadaye tukaambiwa kwamba waliobaki pale hawakufika popote. Tangu siku ile mimi sikuucheka tena woga wake, wengine waliendelea kuucheka, na baadhi yao wako hapa. Darasa la sita alilimaliza hapa Buyenzi, Juni 1970.

Tarehe 4 Januari 1971 aliingia kujifunza ufundi kwenye gereji ya Mgiriki mmoja, akakaa hapo miaka minane, na mwaka wa 1979 akaajiriwa na Bwana Himid, ambaye duka lake la vipuri liko Rohero tangu enzi za babu yake, kazi yake ikiwa kupokea bidhaa, kuzipima na kusema ipi ipande kwenye rafu na ipi irudi ilikotoka. Hakujali boksi, alisema boksi halizunguki ndani ya injini. Mkanda wa feni aliukunja ndani nje kutafuta nyufa, akausugua maandishi kwa kidole chenye petroli aone kama yanatoka, akaunusa, kwa sababu mpira mzuri una harufu yake na mpira wa kudanganya unanuka kama ndara mpya. Plaketi, yaani pedi za breki, alizigonga kwa spana na kuzikwaruza kwa ukucha, beringi aliizungusha karibu na sikio huku amefumba macho, na mkewe alikuwa akimwambia kwamba angemsikiliza yeye hivyo, ndoa yao ingekuwa peponi.

Mke huyo ni Spès, binti wa mtaa wa Musaga, aliyefunga naye ndoa tarehe 14 Julai 1984, na Mungu akawapa watoto wawili, Lisette aliyezaliwa 1985 na Sébastien aliyezaliwa 1989. Spès alikuja na mdogo wake Marcellin, tukamlisha, tukamsomesha, Moïse akamfundisha udereva na kumtafutia kibanda cha kuuzia vipuri, na Marcellin yuko hapa pia, ameketi kule karibu na mlango, naomba anayekaa naye asimpishe kutoka.

Oktoba 1993 vita vilianza, na sitavieleza, kila mmoja wenu ana vyake. Nitasema habari ya barabara tu, kwa sababu barabara ndiyo iliyomuua mwanangu. Mnajua wenyewe, kutoka hapa kwenda Bugarama magari hayapandi peke yake, yanakusanyika kwenye bariyeri ya jeshi, wanajeshi mbele na wanajeshi nyuma, na konvoi ikishaanza kwenda haimsubiri mtu, gari likizimika konvoi inalipita, na wewe unabaki na mlima, na ukungu, na wale waasi wanaotazama toka juu. Mwaka wa 1996 minibasi moja ya Kinama ilikatika ekseli kule juu, ekseli ya kuungwa iliyopakwa rangi ikauzwa kama mpya, haikupita mikononi mwa Moïse, na sitasema jinsi abiria wake walivyokutwa kesho yake. Moïse alikwenda kutazama kile chuma, akarudi nyumbani, akakaa jikoni kwangu mbele ya chai mpaka ikapoa, akasema, "Mama, yule aliyeuza ile kitu alilala nyumbani kwake."

Hapo ndipo ilipotoka sheria yake, ambayo madereva waliikubali wote: kipuri chochote kikifungwa kwenye gari la konvoi, aliyekiuza anapanda nalo safari ya kwanza, kwenye kiti cha mbele, na kiti hicho kikiwa kitupu, gari haling'oki. Wauzaji walipiga kelele, wakamwita kichaa. Bwana Himid alicheka, akapanda na tasbihi yake, na aliporudi salama kutoka Bugarama hakwenda nyumbani, alikwenda moja kwa moja dukani, akamwambia Moïse, "Toa yote usiyoipenda, yote, hata ile uliyonyamaza ukiniogopa," na nusu ya rafu ikatupwa siku ileile. Bwana Himid, nakuona unatikisa kichwa, lakini si ulitupa?

Kuanzia hapo Moïse alikwenda bariyeri kila siku ya konvoi, akipita kati ya magari yanayounguruma, akisikiliza injini moja moja kabla hazijaondoka, na hakuna aliyejua kwamba usiku wa kuamkia siku hizo alikuwa akitapika. Mimi nilijua, mimi ndiye niliyeosha ndoo.

Sasa tufike kwenye ugonjwa wake. Marcellin, bila kumwambia mtu, alikuwa anaokota mikanda iliyotupwa na magereji, anaiosha kwa petroli, anaipaka dawa ya viatu ing'ae, anaichapa maandishi meupe na kuitia kwenye boksi jipya. Jumanne tarehe 16 Oktoba 2001 aliuza mmoja kwa Massoudi, dereva wa minibasi ambaye mnamjua, na Moïse alipoushika mkanda ule na kuanza kuukunja, Marcellin akamwambia, "Shemeji, mpaka miye unanipima? Mi nitakaa mbele, basi," akapanda, akaketi, akafunga mlango. Moïse akaurudisha mkanda ule kwa fundi bila kuunusa. Hilo ndilo kosa lake la pekee ninalolijua katika kazi yake, kwamba sheria aliyoitunga mwenyewe aliiamini kuliko pua yake, kwa sababu hakuweza kufikiri kwamba yupo mtu anayeweza kukaa kwenye kiti kile akiwa anajua alichouza.

Na kweli hakukaa. Walipofika bariyeri Marcellin alishika tumbo, akasema, "Inanikata, inanikata, naenda nyuma ya ile nyumba, narudi sasa hivi," na mpaka leo hatujaonyeshwa nyumba hiyo. Konvoi ikaanza kwenda. Massoudi akasema, "Muzee Moïse, kiti iko wazi, mi siende," na ndani mlikuwa na kina mama wenye watoto na mizigo, ambao walishalala pale bariyeri na bunduki zilikuwa zimesikika karibu, wakaanza kulia waondolewe. Massoudi ananiambia Moïse alishika mlango, akaitazama barabara, akawatazama wale mama, akapanda kwenye kiti cha mbele kwa sababu kipuri kilipita mikononi mwake, na neno alilosema ni moja, "Massoudi, zima redio, nataka kusikia."

Alisikia kabla ya wote. Kwenye kona za juu alisema, "Inalia," Massoudi hakusikia kitu, kisha mkanda ukakatika, sindano ya joto ikapanda, injini ikachemka, gari likasimama, na konvoi ikawapita, lori kwa lori, mpaka lile la mwisho la wanajeshi, ambalo askari wake aliwapungia mkono kama mtu anayeaga wafu. Abiria wakalala chini kati ya viti, mama mmoja akamziba mwanawe mdomo kwa titi, na ng'ambo ya bonde risasi zikalia, mbili, kisha nyingi. Injini inahitaji muda ipoe kabla ya kufunguliwa kifuniko cha rejeta, fundi yeyote anajua, na Moïse alijua kuliko wote, lakini muda hawakuwa nao, akavua shati, akalizungushia mkononi, akafungua. Maji yale yalimpiga shingoni, kifuani na tumboni. Hakupiga kelele. Msiniambie ulikuwa ushujaa, mimi ndiye niliyemzaa, ulikuwa woga uleule wa Ruzizi, alijua sauti inafika mbali, na aliwaogopa wale wa juu kuliko alivyoyaogopa maji.

Mama mmoja, Ghada, ambaye yuko hapa na namshukuru, alichana kitenge chake, Moïse akakisokota na kukifunga mahali pa mkanda, wakajaza rejeta kwa maji ya kunywa ya watoto na bidoni ya maziwa iliyokuwa inakwenda sokoni, na minibasi ile ikapanda polepole ikinuka maziwa ya kuungua mpaka kituo cha wanajeshi, ikiwa na watu wote iliyoondoka nao. Hakupungua hata mmoja.

Alirudishwa mjini na kulazwa, ngozi ikaoza, homa haikushuka, na siku moja alimwomba Massoudi amletee ule mkanda uliokatika, akaunusa kitandani, akanipa, akasema, "Mama, nusa." Nilinusa. Dawa ya viatu. Spès aliyekuwa ananusa baada yangu alikaa chini sakafuni, kwa sababu dawa hiyo ilikuwa ya nyumbani kwake, kopo lilikuwa chini ya kitanda alicholalia mdogo wake. Madereva walitaka kumtafuta Marcellin kwa fimbo, wengine walisema polisi, Moïse akatikisa kichwa, akasema, "Apana. Akae mbele," na hilo likawa neno lake la mwisho lililoeleweka. Alifariki Jumatano tarehe 7 Novemba 2001, alfajiri, akiwa ameshika pindo la kitenge changu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliohangaika naye huku dawa hazipo, inawashukuru majirani wa Buyenzi, Waislamu na Wakristo, waliopika na kulala nasi hapa uani, inamshukuru Bwana Himid aliyefunga duka na kuleta jeneza, inawashukuru wafanyakazi wenzake, kina mama wa minibasi ile, na Massoudi, ambaye anasema hataendesha tena na ambaye mimi namwambia ataendesha.

Sasa lile jambo. Jana familia na madereva tulikaa na Marcellin. Kwanza alisema hakumbuki aliuza mikanda mingapi wala kwa nani. Tulipomsomea neno la Moïse, kwamba atakaa mbele, kumbukumbu ikamrudia palepale, akataja kila gari, rangi yake, namba yake na jina la utani la dereva wake, na mikanda yote imeshatolewa na kuchomwa. Akadhani yameisha. Spès, dada yake wa tumbo moja, ndiye aliyemjibu, "We utapanda tu."

Basi madereva sikieni: kuanzia Jumatatu, kila konvoi inayopanda, Marcellin atakuwa bariyeri, na dereva yeyote mwenye shaka na kipuri chochote, awe amekinunua kwake au kwa mwingine, atamwita, naye atakaa mbele, redio imezimwa, atapanda na kushuka, leo na mwaka kesho, mpaka siku gari litakapokwenda Bugarama bila mwanajeshi mbele wala nyuma. Siku hiyo ni lini, hakuna anayejua hapa. Amekubali, ametia sahihi kwa mkono uliotetemeka, na mimi nimefurahi kuuona ukitetemeka, kwa sababu mtu anayeogopa husikiliza.

Moïse, lala sasa mwanangu. Kiti kimepata mtu.