Fidia ya Chapuchapu

Kijiweni kwetu kuna benchi la mbao, jiko la kuni la Shangazi muuza kahawa, na maneno mengi. Wiki kadhaa sasa hata kahawa hatulipii. Chapuchapu, mkulima asiyejua kutulia, mahindi yake yaliunguzwa na jua. Akayakata yote, akamletea Shangazi mabua makavu awashie moto, na Shangazi akasema tunywe bure mpaka yaishe. Baadaye ikanyesha kidogo, Chapuchapu akapanda maharage palepale. Sasa serikali imetangaza fidia ya ukame, afisa anakuja leo kukagua, na shamba la mwenzetu ni kijani tupu. Mimi fundi viatu nilikuwa nashona soli, lakini roho iliniuma kumwona alivyojikunyata.

— Nikiikosa hii, mbegu za msimu ujao sina, akasema. Nikalime vibarua kwa watu, na umri huu?

— Kiherehere chako, akasema Redio, kinyozi wetu, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Wenzako wameacha mahindi yamesimama yamekufa, ukipita unaona huruma. Wewe umesafisha kama unapokea wakwe.

— Ningekaa nayatazama?

— Kutazama nako ni kazi.

Dereva, ambaye lori lake liko gereji tangu nimfahamu, akaweka kikombe chini.

— Nina mbuzi. Niwafungulie waingie kwenye maharage, afisa akute vumbi.

— Nilime mimi, washibe mbuzi wako, halafu nilie mimi?

— Utalia ukiwa na fidia.

— Mbuzi hawatoshi, Redio akadakia. Siku hizi serikali inatazama kwa mitambo iliyoko juu huko. Tufunike shamba lote kwa maturubai.

— Ya kutoka wapi?

— Ya msibani. Tena tutangaze msiba kabisa. Afisa akiuliza mahindi, tunamwambia tumeshazika.

— Akitaka kuona kaburi?

— Dereva atachimba. Ana kazi gani yule?

Tukacheka, hata Chapuchapu akacheka kidogo. Ndipo pikipiki ikasimama. Akashuka kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope, akatuamkia, akaomba kahawa. Shangazi akagusa birika, imepoa.

— Ngoja nikupashie, mwanangu.

Akavunja kitita cha mwisho cha mabua kwenye goti, akakisukumia chote jikoni. Moto ukawaka vizuri sana.

— Mimi ndiye afisa wa fidia, kijana akasema, akifuta uso. Nimepita shamba moja la maharage hapo chini, limependeza kweli. La nani?

Chapuchapu akainua mkono nusu, kama mtu anayetaka kuushusha.

— Usiogope, mzee wangu. Kupanda tena hakukunyimi kitu. Nataka tu picha yako na mahindi yaliyokauka, hata mabua yanatosha. Yako wapi?

Redio akageukia jiko. Dereva akachungulia kikombe chake. Shangazi akabaki ameshika birika, anatazama moto wake.

Chapuchapu akaruka mpaka jikoni, akachomoa bua lililobaki nusu, akalipuliza, akalishika wima kifuani na kusimama mbele ya simu ya afisa.

— Piga upande huu, mkuu, akasema. Huu ndio ukame. Ule mwingine ni kahawa.